Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga? Mama, Mtoto na Safari ya Boda Boda

  

Mara nyingi tukizungumza juu ya afya ya mtoto, tunataja chanjo, maziwa ya mama, malaria na kuhara. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo halina chanjo kliniki, lakini linaua watoto na wazazi wao: ajali ya pikipiki inayoletwa na uendeshaji wa hatari.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kote. Hapa Kenya, kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wakitembea kwa miguu, au walikuwa juu ya pikipiki.

Mfano wetu wa leo

Hebu tuanze na mfano. Si kisa cha mtu fulani. Ni mambo ambayo mkaaji wa Kitengela ameyaona kwa macho yake.

Ni asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Mama amechelewa. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4. Anatakiwa awafikishe shuleni, kisha akimbilie kazini Athi River. Anamwita kijana wa boda boda aliyemzoea. Mtoto mdogo anawekwa mbele, juu ya tangi la mafuta. Mkubwa anakaa katikati. Mama anakaa nyuma, mkono mmoja umeshika mkoba. Helmeti iko moja tu, nayo imening'inia kwenye usukani.

Mama anasema, "Kijana wangu, kimbiza kidogo, nimechelewa."

Wanaingia barabara kuu ya Namanga. Mbele yao kuna msururu wa malori na matatu. Kijana anatoka upande wa kulia ili ayapite. Lori linatokea mbele. Kijana anajibana kurudi kushoto, na wakati huohuo matatu iliyo mbele yake inasimama kushusha abiria. Anafunga breki, lakini pikipiki iliyobeba watu wanne haisimami. Mtoto aliyekaa mbele ndiye anayegonga kwanza.

Mtoto huyo hafiki hospitalini akiwa hai.

Watu wanakusanyika. Wengine wanalia, wengine wanatikisa vichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Msemo huu tumeurithi kwa wazee na hutufariji msibani. Lakini leo nataka tuuchunguze. Rudi nyuma katika mfano wetu, uhesabu. Abiria walikuwa watatu badala ya mmoja. Mtoto aliwekwa mbele. Hakuna aliyevaa helmeti. Kijana aliombwa akimbie. Alipita magari mahali asipoona mbele. Hayo ni mambo matano, na kila moja lingeweza kubadilishwa kabla ya safari au njiani. Manne kati ya hayo yalionekana hata kabla ya pikipiki kuondoka.

Kwa hiyo, ajali nyingi zina kinga. Tena sehemu kubwa ya kinga hiyo iko mikononi mwa anayelipa nauli.

Kwa nini hatari hii imekuwa kubwa kwetu?

Zamani usafiri wa boda boda ulikuwa wa baiskeli, hasa kule mpakani mwa Kenya na Uganda, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo. Bei ikashuka, na vijana wengi wakapata kazi. Tusiidharau kazi hiyo. Ni boda boda inayompeleka mama mjamzito kliniki usiku. Ni boda boda inayofika manyatta ya ndani ambako matatu haiendi.

Lakini hapa kwetu Kajiado pikipiki hizo ndogo hutumia barabara moja na magari makubwa. Barabara ya Namanga hutoka Athi River, hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Il Bissil hadi mpakani. Hubeba malori ya mizigo yaendayo Tanzania, malori ya mawe na saruji, mabasi na matatu. Ni barabara nzuri ya lami, na barabara nzuri humvuta mtu akimbie. Ukitoka mjini kuna tambarare ndefu, ambako ng'ombe na mbuzi huvuka, na usiku hawaonekani. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake peke yake unaweza kuyumbisha pikipiki. Huko Kitengela mjini nako, watu, mikokoteni, matatu na boda boda hugombania nafasi moja.

Mtu aliye ndani ya gari ana bati, mkanda na kiti cha kumkinga. Mtu aliye juu ya pikipiki kinga yake ni ngozi yake.

Mwendo wa kasi hufanya nini mwilini?

Tuseme pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa. Kwa sekunde moja tu inasafiri mita 11. Ikienda kilomita 80 kwa saa, sekunde hiyohiyo inasafiri mita 22. Mwendeshaji akiona hatari, hupita karibu sekunde moja nzima kabla hajagusa breki. Na uzito wa abiria wengi hufanya pikipiki ichelewe zaidi kusimama.

Jambo la pili: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga haiongezeki maradufu tu, huongezeka mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 40 kwa saa ni kama kuanguka kutoka paa la nyumba ya ghorofa moja. Kwa kilomita 80 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka jengo la ghorofa saba au nane. Hakuna mama atakayemkalisha mtoto wake ukingoni mwa paa kama hilo. Lakini juu ya tangi la pikipiki tunamkalisha.

Kichwa ndicho kinachoumia vibaya zaidi. Ubongo ni laini, nao umefungiwa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigonga lami, ubongo hutikisika na kugonga mfupa. Mishipa midogo hupasuka, damu huvuja na ubongo huvimba. Kwa kuwa mfupa hautanuki, ubongo hujibana wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuinuka baada ya ajali, akazungumza, akasema hana neno, kisha baada ya saa chache akazimia.

Mguu nao huumia sana. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani ya paja lenyewe, bila tone kuonekana nje. Mwili wote wa mtu mzima una damu kama lita tano tu.

Mama afanye nini kabla ya kupanda?

Kwanza, abiria awe mmoja. Hii ndiyo sheria ya Kenya. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2012 inamkataza mwendeshaji kubeba zaidi ya abiria mmoja. Inataka pia mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi yenye kung'aa.

Pili, usimweke mtoto mbele. Pale mbele mtoto humzuia mwendeshaji kugeuza usukani, na pikipiki ikigonga, yeye ndiye hugonga kwanza, huku uzito wa watu wazima ukimkandamiza kutoka nyuma. Mtoto ambaye miguu yake haifiki mahali pa kukanyagia hajafikia umri wa kupanda pikipiki. Miguu inayoning'inia ndiyo inayonaswa na nyaya za gurudumu au kuchomwa na ekzosi.

Tatu, vaa helmeti, tena uifunge. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini. Helmeti kubwa inayocheza juu ya kichwa cha mtoto nayo haimsaidii. Ukinunua yako, tafuta yenye alama ya ubora ya KEBS, na iwe inakukaa sawasawa. Iliyowahi kugongwa kwa nguvu imekwisha kazi, hata kama haina ufa.

Nne, funga leso, shuka na mkoba vizuri. Ncha ya leso inayopepea huweza kunaswa na mnyororo au gurudumu, ikakuvuta chini.

Tano, mtazame mwendeshaji kabla ya kupanda. Je, ananuka pombe? Macho yanasinzia? Taa ya pikipiki inawaka? Ukiona dalili mbaya, mwache. Stejini kuna mwingine.

Na mkiwa njiani?

Zungumza mapema, tena kwa upole. Mwambie kabla hajawasha: "Kijana wangu, twende polepole. Usipite magari. Nitakulipa nauli yako yote." Usimwambie kamwe, "Kimbiza." Neno hilo moja humpa ruhusa ya kufanya yote tuliyoyataja. Akianza kukimbia, mguse begani na umwambie apunguze. Asiposikia, mwambie asimame mahali salama, ushuke. Aibu ya kushuka njiani huisha siku hiyohiyo.

Kama unalipia boda boda ya shule kwa mwezi, una nguvu kubwa zaidi. Kaeni na wazazi wenzenu, muiteni mwendeshaji, mkubaliane: mtoto mmoja kwa safari moja, helmeti ya ukubwa wa mtoto, barabara za ndani badala ya barabara kuu pale inapowezekana, na mwendo wa pole. Anayekubali apewe kazi hiyo mwaka mzima. Anayekataa asipewe. Mwenyekiti wa steji naye ajue makubaliano hayo.

"Lakini daktari, mambo hayo ni ghali"

Ni kweli. Akina mama husema, "Nauli ya pikipiki mbili nitaitoa wapi?" Swali hili si la kupuuzwa. Jibu la kwanza ni kutazama kama safari yenyewe inahitaji pikipiki. Watoto wa mtaa mmoja wanaweza kutembea pamoja wakisindikizwa na mzazi mmoja kwa zamu, na mzazi huyo awavushe barabara kuu akiwashika mikono. Jibu la pili ni kuamka nusu saa mapema na kupanda matatu. Jibu la tatu ni wazazi kuchanga pamoja kwa gari la shule. Kila jibu lina taabu yake. Lakini linganisha na gharama ya mfupa wa paja uliovunjika: mtoto kulala wodini wiki nyingi, mama kuacha kazi ili amuuguze, na madeni.

Wengine husema, "Helmeti za boda boda zina jasho na mba, zitaniharibia nywele." Basi beba kitambaa chepesi, ukifunge kichwani kwanza, kisha uvae helmeti juu yake. Nywele husukwa tena.

Ajali ikitokea, tusaidieje?

Mambo mengi huharibika katika dakika za kwanza, kwa sababu ya huruma isiyo na ujuzi. Fuata hatua hizi.

1. Zuia ajali ya pili. Watu wawili wasimame mbali kidogo, kila upande, wapunge mikono au matawi ili magari yapunguze mwendo.

2. Piga simu 999 au 112. Eleza mahali kwa alama inayojulikana: soko, kanisa, daraja, kituo cha mafuta.

3. Usimwinue mtu kwa kumvuta mikono, wala usimkalishe. Shingo au uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumvuta kunaweza kumpooza maisha yake yote. Msogeze tu ikiwa kuna moto au gari linakuja.

4. Usimvue helmeti kama anapumua. Kama hapumui, watu wawili wasaidiane: mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike, mwingine aifungue na kuivuta taratibu.

5. Damu ikitoka kwa wingi, kunja leso safi na ukandamize jeraha kwa nguvu bila kuachia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Usiitoe ya kwanza.

6. Usimpe maji wala soda. Anaweza kupaliwa, na akihitaji upasuaji itamletea shida.

7. Mfunike asipate baridi, na zungumza naye.

8. Usimbebe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Kama ambulensi haiji, tafuteni pikapu na ubao mpana au mlango. Watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja, mmoja akishika kichwa kikiwa sawa na mwili.

Tena, tusiwapige madereva wala kuchoma magari. Wakati umati unamfuata dereva, majeruhi anabaki peke yake akivuja damu. Polisi ndio wenye kazi ya kuchunguza.

Mkifika hospitalini, kumbukeni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mgonjwa ahudumiwe kwanza, habari ya pesa ifuate.

Dalili za hatari nyumbani

Mtoto akianguka kutoka pikipiki na kugonga kichwa, apelekwe hospitali hata akionekana mzima. Mkirudishwa nyumbani, mwangalie kwa siku mbili. Rudi mbio ukiona lolote kati ya haya: anatapika tena na tena, kichwa kinamuuma zaidi na zaidi, analala na haamki vizuri, anachanganyikiwa, mkono au mguu mmoja unalegea, anapata degedege, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni.

Na wewe mama mjamzito, ukianguka kutoka pikipiki, hata anguko dogo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kondo la nyuma linaweza kuachana na tumbo la uzazi bila jeraha kuonekana nje. Ukiona damu, tumbo likikaza na kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje hata saa moja.

Neno kwa mama wa mwendeshaji

Wengi wenu mnaonisikiliza, kijana wa boda boda ndiye mwanenu. Anaondoka kabla ya mapambazuko na kurudi usiku. Mara nyingi hakimbii kwa kupenda. Anakimbia kwa sababu kuna pesa za mwenye pikipiki au mkopo wa kulipwa kila siku. Zungumza naye bila kumgombeza. Muulize kama ana leseni na kama alifundishwa, au alijifunza kwa rafiki jioni moja. Muulize analala saa ngapi. Mweleze kwamba deni la leo linaweza kulipwa kesho, na kwamba nyumbani mnamngoja yeye kabla ya pesa zake. Wazee walisema mwenda pole hajikwai.

Mambo ya kukumbuka

• Pikipiki moja, abiria mmoja.
• Mtoto asikae mbele juu ya tangi.
• Helmeti ivaliwe na ifungwe.
• Usimwambie mwendeshaji akimbie. Mwambie aende pole.
• Majeruhi asivutwe, asikalishwe, asipewe maji.
• Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa siku mbili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Watoto wetu hufikaje shuleni? Ni wangapi hupanda pikipiki moja?
2. Ni mahali gani katika barabara yetu ambapo ajali hutokea mara kwa mara, na kwa nini?
3. Tungekuwa na makubaliano gani na vijana wa steji yetu?
4. Nani kati yetu amejifunza huduma ya kwanza? Je, chama chetu kinaweza kuwaalika Msalaba Mwekundu au St John Ambulance waje watufundishe?

Mama mpendwa, kesho asubuhi boda boda itasimama tena mlangoni pako. Yale manne tuliyoyahesabu yataonekana pale pale kabla haijaondoka. Yatazame, ukatae linalopasa kukataliwa, kisha umpeleke mtoto shuleni polepole. Afadhali mwalimu aandike kwamba amechelewa.